Shemeji Aliponiomba Nimnunulie Bastola

Jumapili moja mwezi wa kumi mwaka jana nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, ndo kwanza nimevuta shuka, simu ikaita. Shemeji, mume wa dada yangu. Akanisalimia vizuri, akauliza watoto, akauliza kazi, afu akasema shem nina shida ndogo, Jumamosi ukiwa na nafasi nisindikize mahali. Wapi? Duka la silaha. "Wewe huna rekodi yoyote shem, utajaza fomu kwa jina lako tu, hela natoa mimi yote, dakika ishirini tumemaliza." Alivyokuwa anaongea ungesema anaomba lifti ya kwenda Walmart.

Nikamwambia ngoja nilale kwanza nitakupigia. Sikulala.

Shemeji ni dereva wa malori. Anatoka hapa Dallas, Texas, huku Marekani, anaenda El Paso, anafika mpaka Arizona, usiku analala humohumo kwenye lori, na wiki chache kabla ya hapo mwenzake mmoja alivamiwa akiwa usingizini wakamsafisha kila kitu. Kwa hiyo uoga wake najua ni wa kweli, sitaki mtu asome hapa afikiri namzungumzia jambazi. Alishaenda dukani mwenyewe, akachagua bastola, akatoa leseni, akajaza fomu, muuzaji akauliza FBI, wale wapelelezi wa serikali kuu, akarudi akamwambia samahani siwezi kukuuzia. Sababu hakumpa, na hata yeye muuzaji huwa hapewi, anaambiwa tu huyu hapana. Lakini shemeji aliijua. "Ni kale kakesi ka 2019," akaniambia. "Yaani kakesi kadogo vile, hata kufungwa sikufungwa."

Hako kakesi nilikuwepo. Waligombana juu ya hela ya kutuma nyumbani, maneno yakazidi, shemeji alikuwa amekunywa, akamsukuma dada akampiga kofi likampasua mdomo. Jirani wa juu akapiga 911. Mimi nilifika nikamkuta dada amekaa kwenye ngazi za apatimenti kashika taulo la jikoni lenye barafu, analia anawaambia polisi msimchukue jamani mimi sishtaki, na wao wanamchukua. Hapa ndipo wengi wetu hatuelewi, tunadhani aliyepigwa akisema nimesamehe basi kesi imekufa kama ambavyo nyumbani wazee wangekaa wakayamaliza. Huku kesi siyo ya dada. Kwenye karatasi imeandikwa jimbo la Texas dhidi ya fulani, na jimbo halisamehe kwa sababu mke amelia kwenye ngazi.

Siku ya mahakama akapewa wakili wa kumtetea, wale wanaolipwa na serikali, wakaongea koridoni muda mfupi tu, wakili akamwambia ukikiri leo siku ulizokaa ndani zinahesabika, unalipa faini, unaenda nyumbani. Mtu ana lori limesimama, ana rejesho, ana watoto. Akakiri. Misdimina, yaani kosa la ngazi iliyo chini ya yale makosa makubwa, daraja A, shambulio dhidi ya mtu wa familia. Jioni alikuwa nyumbani tukala ugali, na mimi mwenyewe nilisema alhamdulillah limekwisha.

Sasa baada ya ile simu nikaanza kusoma. Usiku kazini wazee wakishalala kuna masaa mawili matatu ya kimya, nikawa nasoma hapo, na nilichokikuta ndicho kilichonifanya niandike, kwa sababu sisi tuliotoka nyumbani tunasikia neno "misdimina" tunalitafsiri kichwani kuwa ni kosa dogo, na tukishalitafsiri hivyo tunaacha kuuliza.

Iko hivi. Sheria ya shirikisho ya silaha, yaani ya Marekani nzima siyo ya jimbo moja, ile ya 1968, inamkataza kumiliki bunduki mtu yeyote aliyetiwa hatiani kwa kosa ambalo adhabu yake inaweza kuzidi mwaka mmoja jela. Afu ikaweka nafuu: kama jimbo lenyewe linaliita kosa hilo misdimina na adhabu yake kubwa haizidi miaka miwili, halihesabiki. Kwa hiyo ukikamatwa umeiba kitu dukani cha dola mia, au umeendesha umelewa mara ya kwanza ukaangukia kwenye misdimina ya kawaida hapa Texas, kwa sheria ya shirikisho bado unaweza kununua bunduki. Lakini angalia linalopimwa. Siyo adhabu ULIYOPEWA. Ni adhabu kubwa kabisa ambayo hakimu ANGEWEZA kukupa. Unaweza kutoka na faini na probesheni, yaani kuangaliwa ukiwa nje bila kufungwa, ukalala kwako usiku uleule, na ukawa umepoteza haki hiyo maisha yako yote.

Kuna bwana mmoja wa Pennsylvania anaitwa Bryan Range. Mwaka 1995 alikiri kwamba fomu ya kuomba msaada wa chakula ilikuwa na uongo, mapato yao hayakuandikwa yote, alikuwa anakata majani ya watu kwa dola 9 na senti kwa saa na ana watoto watatu. Akarudisha dola 2,458, akapewa probesheni miaka mitatu, jela hakwenda hata siku moja. Jimbo liliita kosa lile misdimina, ila adhabu yake ya juu ilikuwa miaka mitano. Miaka mitano inazidi miwili, basi, hakuna bunduki tena. Alipojaribu kununua 1998 akakataliwa, na wakadhani ni makosa ya kompyuta, mke wake akamnunulia bunduki ya kuwindia swala. Baadaye alipokuja kujua ukweli akaiondoa, akafungua kesi, na mahakama ya rufaa ikampa haki 2023, Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo huku ndiyo ya juu kuliko zote, ikairudisha iangaliwe upya, akashinda tena Desemba 2024. Tangu kukiri mpaka kushinda ni karibu miaka thelathini, kwa uongo wa fomu ya chakula! Na ushindi ule ni wa kwake yeye na mazingira yake, usije ukaufanya ngao yako.

Na jimbo na jimbo havifanani. Wale ndugu zetu wa Baltimore wajue kwamba Maryland shambulio la daraja la pili linaitwa misdimina lakini linabeba mpaka miaka 10. Yaani ugomvi uleule wa baa, ngumi ileile, Texas ni daraja A mwisho mwaka mmoja, kule ni marufuku ya silaha. California wao wana orodha yao ya misdimina ambazo ukitiwa hatiani unakaa miaka 10 bila bunduki kwa sheria ya jimbo. Sasa wewe unahama jimbo kufuata kazi huku umebeba kile alichokwambia jamaa yako wa jimbo lingine, utaumia.

Lakini kesi ya shemeji haiko hapo kabisa. Kwake mwaka ni mmoja tu, kwa hesabu hiyo angepita. Kilichomfunga ni kitu kingine.

Mwaka 1996 seneta wa New Jersey Frank Lautenberg alileta nyongeza kwenye sheria. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuelewa kwa mwanamke yeyote: wanaume wanapiga wake zao, kesi inashushwa inakuwa misdimina, wanatoka, na bunduki inabaki kabatini. Akasema hapana. Tangu hapo, ukitiwa hatiani kwa misdimina ya ukatili wa nyumbani, umempiga mke, mume, mzazi mwenzio, mtu mnayeishi naye kama wanandoa, mtoto wako, hutamiliki bunduki wala risasi. Hata risasi moja kwenye droo. Hakuna kusema ilikuwa siku tano au faini tu, hakuna kusema ilikuwa zamani kabla ya 1996, na hata polisi au mwanajeshi hasamehewi, kuna askari waliopoteza kazi kwa hilo kwa sababu bila silaha kazi haipo.

Na Mahakama Kuu imezidi kuikaza. 2014 kwenye kesi ya James Castleman wa Tennessee ikasema nguvu inayohitajika siyo lazima iwe kipigo cha kupelekwa hospitali, hata mguso wa kumdhalilisha mtu unatosha. 2016 ikasema hata kama hukukusudia ila ulifanya kwa kutojali, inahesabika. Kwa hiyo lile kofi na ule msukumo havina pa kujificha.

Kinachowachanganya watu wa hapa ni kwamba Texas ina kipengele chake kinachosema mtu wa kosa kama la shemeji akae miaka mitano bila silaha toka amalize adhabu. Miaka mitano! Shemeji hiyo alikuwa ameisikia kwa madereva wenzake, akahesabu kwenye vidole 2019 mpaka sasa, akaona imepita, akaenda dukani kifua mbele. Hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ni ya Texas tu, ya shirikisho haina mwisho. Mbili zinaenda sambamba na inayokushika ni ile kali zaidi.

(Kuna nafuu moja ya 2022, kwenye sheria aliyosaini Biden. Walipoongeza wapenzi ambao hawajaoana wala hawaishi pamoja, waliweka kwamba kama ni mara moja tu na hujarudia ukatili, baada ya miaka mitano unarudishiwa. Hiyo ni ya wapenzi tu. Mume wa ndoa haimhusu.)

Nikampigia shemeji nikamuuliza swali moja, kwenye ile fomu ulipofika pale wanapouliza kama umewahi kutiwa hatiani kwa misdimina ya ukatili wa nyumbani ulijibu nini. Kimya. Afu akasema nilijaza hapana, mi nilijua ile ni kugombana tu na mke wangu.

Moyo ulinilipuka. Ile fomu inaitwa 4473, unaisaini chini ya onyo kwamba kudanganya kwa makusudi ni kosa kubwa la shirikisho, siyo misdimina tena, linaweza kubeba mpaka miaka 10. Na tangu 2022 mtu akikataliwa FBI inatakiwa iwape taarifa polisi wa eneo ndani ya saa 24. Nikamwambia shem tafuta wakili wa jinai wa kumlipa, kabla hujaongea na mtu mwingine yeyote kuhusu hiyo fomu, hata mimi usiniambie tena.

Huo mfumo wenyewe wa kucheki rekodi naomba niueleze kidogo kwa sababu watu wanauogopa ovyo au wanaudharau ovyo. Ulitokana na sheria ya Brady ya 1993, jina la James Brady msemaji wa Rais Reagan aliyepigwa risasi ya kichwa 1981 siku waliyotaka kumuua rais. Kompyuta yenyewe ilianza Novemba 1998, inaendeshwa na FBI kule West Virginia. Muuzaji mwenye leseni anapeleka jina lako, majibu yanakuja matatu: endelea, subiri, amekataliwa. Mara nyingi ni dakika tu. Ukiambiwa subiri usizimie, inawezekana jina lako limefanana na la mtu mwenye kesi, na kina Juma na Mohamed wanajua ninachosema, kuna namba maalumu unaweza kuiomba FBI ili usichanganywe tena na mtu mwingine. Ila zikipita siku tatu za kazi bila jibu, sheria ya shirikisho inamruhusu muuzaji akuuzie.

Hapo kwenye siku tatu ndipo lilipopita lile la mauaji ya kanisani Charleston, South Carolina. Juni 2015 kijana mmoja aliingia kanisa la Emanuel AME, wakampokea, akakaa nao kwenye kipindi cha Biblia, afu akaua watu 9. Miezi miwili kabla alikuwa amenunua bastola dukani. Alikuwa na kesi ya dawa za kulevya, misdimina, na kwenye maelezo ya polisi alikiri alikuwa nazo, na hilo peke yake lingetosha kumkatalia. Lakini aliyekuwa anatafuta karatasi aliulizia kituo ambacho siyo, siku tatu zikapita, akauziwa. Mkuu wa FBI akaja kusema wazi kwamba hakutakiwa kuuziwa. Mimi tangu nisome hiyo kila Jumapili nikiona mlango wa kanisa umeachwa wazi mgeni aingie nawakumbuka wale akina mama.

Turudi kwenye ombi lake, la mimi kwenda kujaza jina langu. Pale kwenye fomu kuna swali linauliza je wewe ndiye mnunuzi halisi. Kuna bwana Virginia, Abramski, aliyewahi kuwa polisi, alimnunulia mjomba wake wa Pennsylvania bastola 2009, mjomba akamtumia cheki ya dola 400. Mjomba hakuwa na kosa lolote, aliruhusiwa kabisa kumiliki! Bado Abramski alitiwa hatiani kwa kuandika kwamba ananunua yake, na Mahakama Kuu 2014 ikasema sawa. Sasa mimi nimnunulie mtu aliyekatazwa? Tangu 2022 hilo lina kosa lake peke yake, mpaka miaka 15. Na hata yeye akikutwa nayo, mpaka 15. Mke wa Castleman niliyemtaja hapo juu alidaiwa kufanya hivyohivyo, ananunua kwa jina lake afu anampa mume.

Madereva wenzake wakampa njia nyingine, nunua kwa mtu binafsi, hapa Texas mtu binafsi hafanyi cheki. Ni kweli hafanyi. Lakini kutochekiwa hakukufanyi uruhusiwe, ukisimamishwa barabarani ukiwa nayo kosa ni lilelile.

Dada naye akaniuliza kwa siri, je nikinunua mimi ya kwangu niiweke chumbani? Yeye anaruhusiwa, hana kosa. Lakini kama shemeji anaweza kuifikia, funguo anazo, kabati ni lao wote, mwendesha mashtaka anaweza kusema ni kama ipo mikononi mwake. Nikamwambia hivyo. Afu nikamwambia na lingine ambalo halipo kwenye sheria, kwamba mimi sitaki bunduki kwenye nyumba ile. Akanyamaza, akasema hata mimi.

Kwa sababu nitasema ukweli, namheshimu shemeji, pombe ameacha, watoto anawalea, na mimi naiunga mkono hii sheria. Nilishika lile taulo. Hapa Arlington, mwendo wa nusu saa hivi toka kwangu, ndiko bwana mmoja anaitwa Rahimi alikomburuza mama wa mtoto wake kwenye maegesho 2019, na alipogundua kuna mtu ameona akafyatua risasi. Kesi yake ilikuwa ya amri ya mahakama ya kumkataza kumsogelea, siyo ya hukumu, na ilifika mpaka Mahakama Kuu, Juni 2024 majaji 8 kwa 1 wakasema mtu wa hatari hivyo anaweza kunyang'anywa silaha. Nilifurahi siku hiyo. Kinachoniuma ni kwamba mtu anakiri jambo la maisha yake yote akiwa amesimama koridoni, lugha siyo yake, hajala, na anachofikiria ni lori.

Na kwa wenye grini kadi, kile kibali cha wageni kuishi huku kwa kudumu, ni zaidi, maana nyie siyo bunduki tu. Hukumu ya ukatili wa nyumbani inaweza kukurudisha kwenu. Hukumu ya kosa la silaha vilevile. Na uhamiaji wana tafsiri yao ya hukumu, ile ya Texas ambapo unakiri, unapewa kipindi cha uangalizi na kesi inafutwa ukimaliza salama, jimbo linaweza kusema hukutiwa hatiani, uhamiaji wakasema ulikiri na ulipewa adhabu, imetosha. Tangu 2010, kesi ya Padilla, naye alikuwa dereva wa lori miaka mingi hapa Marekani, wakili wa jinai ana wajibu kukwambia kama kukiri kutakuletea kufukuzwa nchini. Muulize kwa mdomo wako, muulize na la silaha, na omba mkalimani hata kama Kiingereza chako ni kizuri kazini. Kizuri kazini siyo kizuri mahakamani.

Jumamosi ile badala ya duka la silaha alikuja kwangu na dada, nikapika chai na maandazi. Dada alikuwa amekuja na ule mfuko anaotunza vyeti vya kuzaliwa vya watoto, akatoa karatasi za 2019. Sikujua kama zipo. Tukazipekua, ukurasa wa tatu au wa nne kuna aya, mahakama za Texas zinatakiwa kuitoa kwa mtu anayekiri kosa la aina ile, inasema ukitiwa hatiani kwa misdimina ya ukatili na uliyemuumiza ni mwenzi wako, inaweza kuwa ni kinyume cha sheria kumiliki au kununua silaha au risasi, ukiwa na swali muulize wakili. Chini yake sahihi ya shemeji. Sahihi yake naijua, ile yenye mkia mrefu.

Akaisoma taratibu, kidole kikifuata mstari, akarudia. Akaniuliza, "Kwa hiyo hata kuwinda na mtoto akikua?" Nikamwambia hata kuwinda, labda siku moja upate msamaha wa gavana, na hiyo ni safari ndefu. Akamwangalia dada. Dada hakuinua macho, alikuwa anavipanga vile vyeti upya kwenye mfuko, cha mkubwa, cha wa kati, cha mdogo. Shemeji akaikunja karatasi, akaitia mfuko wa shati, akasema lori linatakiwa Abilene kabla ya saa mbili, akatoka kwenda kuliwasha.